Mrengo wa Kulia Ndani ya Joho la Dini: Mafunzo ya Safari ya Kisiasa ya Mchungaji Mtikila

UTANGULIZI

Katika madarasa ya itikadi huku Kipatimu, wilayani Kilwa, liko swali ambalo halikosi kuulizwa kila tunapofikia somo la vyama vingi. Swali lenyewe ni hili: Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila aliwatetea walalahoi, aliwasema matajiri hadharani, alikamatwa na kushtakiwa mara nyingi, wala hakunyamaza. Mtu wa namna hiyo anawezaje kuitwa mwanasiasa wa mrengo wa kulia?

Swali hili ni zuri. Kada anayelijibu kwa kejeli, au kwa kumtukana marehemu, hajalijibu. Makala haya yanakusudia kulijibu kwa uchambuzi. Kwanza tutaeleza maana ya mrengo wa kulia. Pili, tutaangalia historia yetu wenyewe, kuanzia vilima vya Umatumbi mwaka 1905. Tatu, tutaifuata safari ya Mchungaji Mtikila kuanzia mwaka 1992 hadi kifo chake mwaka 2015. Mwisho tutaeleza wajibu wa kada mahali alipo.

Hoja yetu kuu ni moja. Mwanasiasa hatambulikani kwa ukali wa sauti yake, wala kwa umaskini wa wanaomsikiliza, wala kwa vazi lake. Hutambulikana kwa mahali anapoielekeza hasira ya wanyonge.

MRENGO WA KULIA NI NINI?

Maneno "kulia" na "kushoto" yaliingia katika siasa huko Ufaransa mwaka 1789. Katika Bunge la wakati wa mapinduzi, wajumbe waliotaka mfalme abaki na nguvu zake na Kanisa libaki na heshima yake walikaa upande wa kulia wa kiti cha mwenyekiti. Waliotaka mabadiliko walikaa upande wa kushoto. Tangu siku hizo, siasa ya kulia ni ile inayolinda mpangilio wa wachache kumiliki na wengi kutumikia, na siasa ya kushoto ni ile inayotaka kuubadili mpangilio huo.

Watu wengi hudhani kwamba kulia ni upande wa matajiri peke yao. Hiyo ni nusu ya ukweli. Matajiri ni wachache, na siku ya uchaguzi kila mmoja wao ana kura moja tu. Kwa hiyo siasa ya kulia, ikitaka kushinda, hapana budi itafute wafuasi miongoni mwa wale wale inaowaumiza. Haiwezi kuwaambia waziwazi kwamba inaomba kura zao ili waendelee kunyonywa. Huwaambia kwamba adui yao ni mtu fulani: Mhindi, Myahudi, mgeni, mtu wa kabila lile, mwenye dini ile. Hasira ya tabaka hugeuzwa kuwa hasira ya rangi au ya dini. Mfumo unasalimika, na jirani ndiye anayepigwa mawe.

Mfano mmoja wa nje utasaidia. Huko Marekani, katika miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka na mamilioni ya watu kukosa kazi, alitokea padri Mkatoliki, Charles Coughlin, aliyekuwa na parokia karibu na mji wa Detroit. Padri huyu alihubiri kwa redio na kusikilizwa na mamilioni ya watu. Mwaka 1934 aliunda chama chake cha kudai haki za jamii. Alianza kwa kuwalaani wenye mabenki na kuwatetea waliofukuzwa kazi, na mambo mengi aliyoyasema juu ya dhiki ya watu yalikuwa ya kweli. Lakini ilipofika mwaka 1938, gazeti lake na redio yake vilikuwa vinawashambulia Wayahudi. Mwaka 1942 askofu wake alimwamuru aachane na siasa. Kwa miaka yote hiyo umiliki wa mabenki haukubadilika hata kidogo. Aliyepata hasara ni Myahudi maskini, fundi viatu au fundi cherehani, ambaye hakuwa na benki yoyote.

Ndugu msomaji atazame vizuri mwendo wa jambo hili: dhiki ya kweli, mhubiri mwenye kipaji, kisha kidole kinachoonyesha upande usiostahili. Mwendo huo tutauona tena.

UMATUMBI, 1905: DINI ILIYOUNGANISHA

Isidhaniwe kwamba dini ikiingia katika mapambano ya kisiasa ni lazima iwagawe watu. Huku Umatumbini tunao ushahidi wa kinyume chake.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini, utawala wa Kijerumani uliwalazimisha wananchi kulima pamba katika mashamba ya pamoja yaliyosimamiwa na majumbe na maakida. Mkulima aliacha shamba lake la chakula, alipigwa viboko, na bado alidaiwa kodi. Mwezi wa Julai 1905, katika kijiji cha Nandete, karibu na Kipatimu, pamba iling'olewa. Wazee waliohojiwa na mwanahistoria Gilbert Gwassa, yeye mwenyewe Mmatumbi, waliwataja Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela kuwa ndio waliotangulia kung'oa. Kung'oa pamba kulikuwa kutangaza vita. Ndivyo ilivyoanza Vita ya Maji Maji.

Kabla ya siku hiyo kazi kubwa ilikuwa imekwisha kufanywa na Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe. Watu walimwendea kutoka pande nyingi, wakapewa maji ya dawa, wakaambiwa kwamba wao ni wamoja. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa bado changa. Lakini mafundisho yake yalikuwa yamekwisha kuvuka mito. Makabila yapatayo ishirini, ambayo baadhi yao yalikuwa yakipigana yenyewe kwa yenyewe, yaliingia katika vita moja. Maji hayakuzuia risasi, na gharama ilikuwa ya kutisha. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Gwassa alikadiria kuwa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyoletwa makusudi kwa kuchoma mashamba na maghala. Hata hivyo somo la umoja lilibaki. Mwezi wa Desemba 1956, Mwalimu Nyerere alipozungumza mbele ya Umoja wa Mataifa, aliikumbusha dunia juu ya vita hiyo.

Pana jambo jingine katika historia hiyo ambalo halisemwi mara nyingi, na linahusu sana makala haya. Tarehe 31 Julai 1905 Wamatumbi waliteremka hadi Samanga, huko pwani, wakaiteketeza pamba pamoja na kituo cha biashara. Maakida wengi walikuwa Waarabu au watu wa pwani, na wenye maduka wengi walikuwa Wahindi. Gavana wa Kijerumani alikuwa mbali. Akida na mwenye duka walikuwa karibu. Mnyonge aliyechoka humpiga kwanza yule anayemwona. Hasira yake haikosei inapomwambia kwamba anadhulumiwa, ila yaweza kukosea nyumba ya kubisha hodi.

Kazi ya uongozi wa kimapinduzi ni kuichukua hasira hiyo na kuipeleka kwa aliye nyuma ya akida na nyuma ya duka. Mafundisho ya Ngarambe yalifanya hivyo, kwa sababu yalilenga kuuondoa utawala wa kigeni na yaliwaunganisha watu kwa ajili ya kazi hiyo. Kwa maana hiyo Kinjikitile, ingawa alikuwa mtu wa dini tangu utosini hadi unyayoni, hakuwa wa mrengo wa kulia.

WALIOITANGULIA NJIA HIYO

Mchungaji Mtikila hakuwa wa kwanza katika nchi hii kushika bendera ya rangi au ya dini. Wakati wa kudai Uhuru bendera hizo zilikwisha kupandishwa, na wananchi wakazishusha wenyewe.

Ya kwanza ilikuwa bendera ya dini. Mwaka 1957 kilianzishwa chama kilichoitwa All-Muslim National Union of Tanganyika, kwa kifupi AMNUT. Chama hicho kilifika mahali pa kutaka Uhuru ucheleweshwe hadi Waislamu watakapopata elimu ya kutosha. Malalamiko yake yalikuwa na msingi wa kweli: shule nyingi za wakati wa ukoloni ziliendeshwa na misheni, na pwani yote, pamoja na Kilwa na Lindi, iliachwa nyuma. Lakini dawa iliyopendekezwa ilikuwa kumwongezea mkoloni muda wa kukaa, yaani kumbakiza yule yule aliyeigawa elimu kwa upendeleo. Waislamu wengi waliikataa dawa hiyo, na wakabaki kuwa nguzo ya TANU katika miji ya pwani.

Ya pili ilikuwa bendera ya rangi. Mwezi wa Januari 1958, TANU ilipokutana Tabora na kukubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, Ndugu Zuberi Mtemvu alijitoa, akaunda chama cha Congress kilichodai kwamba Tanganyika ni ya Waafrika peke yao. Mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge lilipojadili uraia, baadhi ya wajumbe walitaka uraia utolewe kwa rangi. Mwalimu aliwapinga kwa nguvu, akawa tayari kuacha uongozi kuliko kuikubali siasa hiyo. Mwaka uliofuata wananchi walitoa hukumu yao. Katika uchaguzi wa Rais wa mwaka 1962, Mwalimu alipata kura 1,127,978, na Mtemvu alipata kura 21,276.

Mwezi wa Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu aliandika makala gazetini kueleza kwamba ujamaa na ubaguzi wa rangi haviwezi kukaa nyumba moja. Aliandika kwa sababu aliona kwamba baadhi ya watu walilifurahia Azimio kwa kuwa waliochukuliwa mali walikuwa wa rangi nyingine, si kwa kuwa unyonyaji ulikuwa unapigwa vita. Makada wengi wa leo wanalijua Azimio, lakini makala yale hawajayasoma. Ni upungufu mkubwa.

KUPANDA KWA MCHUNGAJI MTIKILA

Christopher Mtikila alizaliwa mwaka 1950 huko Ludewa. Alikuwa mchungaji wa kanisa la kilokole la Full Salvation. Baada ya Tume ya Jaji Nyalali kukusanya maoni ya wananchi, na Katiba kubadilishwa ili vyama vingi viruhusiwe kuanzia tarehe 1 Julai 1992, yeye alijitokeza na chama chake, Democratic Party, yaani DP. Umri wake ulikuwa miaka 42, kijana kwa kipimo cha viongozi wa siasa wa wakati ule.

Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 ilikitaka kila chama kiwe na wanachama katika pande zote mbili za Muungano, na ilikataza chama cha dini, cha kabila au cha rangi. Mchungaji Mtikila alidai kurudishwa kwa Tanganyika na hakuutambua Muungano. Kwa hiyo DP ilinyimwa usajili, na ilibaki bila usajili hadi mwaka 2002. Lakini kunyimwa usajili hakukumpunguzia wasikilizaji, pengine kulimwongezea.

Kwa nini alisikilizwa? Kada asiyelijibu swali hili kwa unyofu hatamwelewa Mtikila, wala hatawaelewa watakaokuja baada yake. Alisikilizwa kwa sababu nchi ilikuwa katika dhiki. Tangu mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986, shilingi ilikuwa imeshushwa thamani mara kwa mara, wafanyakazi walikuwa wanapunguzwa, na wananchi walianza kudaiwa michango ya huduma walizozizoea bure. Huku kusini zao la korosho, lililofikia tani zipatazo 145,000 katika msimu wa 1973/74, lilikuwa limeporomoka hadi chini ya tani 20,000 kufikia msimu wa 1986/87. Mjini bidhaa zilijaa madukani, lakini mfuko wa mfanyakazi haukuzifikia.

Tena, mwezi wa Februari 1991, Halmashauri Kuu ya Taifa ilikutana Zanzibar ikalegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha. Kiongozi aliruhusiwa kumiliki hisa, kupangisha nyumba, na kuwa na mshahara zaidi ya mmoja. Masharti hayo yalikuwa ndiyo lugha ambayo mwananchi wa kawaida aliitumia kumpima kiongozi. Lugha hiyo ilipolegezwa, nafasi ilibaki wazi jukwaani, na katika siasa nafasi iliyo wazi haikai siku nyingi bila kupata mtu.

Mchungaji Mtikila aliijaza kwa maneno mawili. La kwanza lilikuwa "walalahoi", neno alilolivumisha hadi likawa la kila siku katika Kiswahili. Neno hili lilimchora vizuri mtu anayelala hoi baada ya kazi isiyomlipa. La pili lilikuwa "magabacholi", neno la dharau alilolitumia kuwaita Watanzania wenye asili ya Asia. Neno la kwanza lilitaja tabaka. La pili lilitaja rangi. Siri ya siasa yake yote ni kwamba alianza na la kwanza akamaliza na la pili.

Mwezi wa Januari 1993, baada ya mkutano wake wa hadhara jijini Dar es Salaam, vikundi vya watu viliingia mitaani vikawashambulia Waasia na mali zao. Tuulize: siku ile alipigwa nani? Hakupigwa aliyeandika masharti ya mkopo huko Washington, wala aliyeuza kiwanda cha umma kwa bei ya kutupa. Alipigwa mtu aliyekuwa barabarani na ambaye rangi yake ilionekana kwa mbali. Ni Samanga ya mwaka 1905 iliyorudi, lakini safari hii bila Ngarambe. Hasira ilikuwepo, lakini uongozi wa kuisogeza mbele haukuwepo. Badala yake palikuwa na kiongozi aliyeikomesha pale pale dukani.

Joho lake liliongeza uzito. Mwanasiasa wa kawaida akikosea, msikilizaji humbishia. Mchungaji akisema, wako wanaoona kwamba kumbishia ni kumbishia Mungu. Na mwaka 1993 haukuwa mwaka wa kawaida. Mwezi wa Aprili, mabucha ya nyama ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam. Nchi ilikuwa katika mjadala mkali juu ya Zanzibar kujiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, uanachama ulioachwa mwezi wa Agosti. Mwezi huo huo kundi la wabunge lilidai Bungeni Serikali ya Tanganyika. Rangi, dini na Muungano, nyufa zote tatu zilifunguka kwa pamoja. Mwalimu, akiwa mstaafu, aliona hatari hiyo, akaandika kitabu Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Baadaye, mwaka 1995, aliifananisha dhambi ya ubaguzi na kula nyama ya mtu: aliyeionja hataacha. Ukimbagua Mhindi leo, kesho utambagua Mzanzibari, keshokutwa Mpemba atabaguana na Muunguja, na Mkristo na Mwislamu.

MCHUNGAJI MAHAKAMANI

Uchambuzi wa haki hautaji makosa ya mtu peke yake. Mchungaji Mtikila alifanya jambo moja kubwa katika historia ya sheria ya nchi hii, na mwanafunzi wa itikadi anapaswa kulijua.

Mwaka 1993 alifungua kesi katika Mahakama Kuu, Dodoma, akapinga vifungu kadhaa vya sheria. Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alitoa hukumu iliyosema kwamba raia ana haki ya kugombea uongozi bila kupitia chama, na kwamba mikutano ya hadhara isitegemee kibali cha polisi. Kabla mwaka haujaisha Bunge lilipitisha Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba, na mgombea binafsi akazuiwa tena. Mtikila alirudi mahakamani. Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwaka 2006. Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo mwezi wa Juni 2010, ikisema jambo hilo ni la Bunge. Akaenda hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mjini Arusha, ambayo tarehe 14 Juni 2013 iliamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja Mkataba wa Afrika. Chaguzi za mwaka 2015 na 2020 zilifanyika bila wagombea binafsi.

Kada anaweza kuwa na maoni yake juu ya mgombea binafsi. Asiloweza kufanya ni kusema kwamba madai hayo yalikuwa ya kipuuzi. Kwa miaka ishirini mtu mmoja alishika njia ya sheria, akabishana kwa hoja, asimrushie mtu jiwe. Tena madai yenyewe hayakuwa ya rangi wala ya dini: aliyoyadai yangemfaa Mhindi na Mwafrika, Mwislamu na Mkristo.

Hapo pana somo. Mtu mmoja anaweza kuwa na madai ya haki kwa wote mahakamani, na akawa na siasa ya kugawa jukwaani. Haki ya madai hayo haiisafishi siasa hiyo, na ubaya wa siasa hiyo hauyaharibu madai. Kada aliyekomaa huvitenganisha vitu hivyo viwili, na hivyo wananchi humwamini.

KWA NINI HAKUFIKA MBALI?

DP iliposajiliwa, Mchungaji Mtikila aligombea urais mwaka 2005. Alipata kura 31,083, ambazo hazikufika hata theluthi moja ya asilimia moja. Alifariki kwa ajali ya gari tarehe 4 Oktoba 2015 huko Msolwa, Chalinze, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu.

Hivyo mtu aliyetikisa jiji mwaka 1993 hakupata hata kura za kumpa nafasi ya kuheshimika. Sababu ni zipi? Ya kwanza ni msingi uliojengwa na TANU na ASP, kisha CCM: lugha moja, shule za pamoja, jeshi la kujenga Taifa lililowachanganya vijana wa makabila yote. Mtanzania alipenda kumsikiliza Mtikila. Hakutaka kutawaliwa na siasa yake. Ya pili ni kwamba siasa ya kidole haina mpango wa kazi. Baada ya kumfukuza Mhindi dukani, korosho itauzwaje? Shule itajengwa na nani? Jukwaa lake halikuwa na jibu.

Lakini tusijidanganye kwamba mawazo yalizikwa pamoja naye. Dai la kwamba tatizo ni rangi ya mwenye mali, wala si unyonyaji wenyewe, lilipata jina la heshima la "uzawa", likaingia katika semina na magazeti. Shabaha ya uzawa wa namna hiyo si kuuondoa unyonyaji. Shabaha yake ni mnyonyaji mweusi akae kwenye kiti cha mnyonyaji wa rangi nyingine. Kwa mlalahoi kiti ni kile kile, na mzigo ni ule ule. Kwa sababu hiyo tunasema siasa hiyo ni ya kulia, hata ikipigiwa makofi na maskini: hailengi kukivunja kiti, inagombea nani akikalie.

MNYONYAJI HANA RANGI: MFANO WA KANGOMBA

Anayetaka ushahidi asiende mbali. Apande gari Tingi, aifuate barabara hadi Kipatimu wakati wa njaa, kabla ya mavuno. Atawakuta wanunuzi wa kangomba.

Kangomba, kama wakulima wa Lindi na Mtwara wanavyojua, ni kununua korosho nje ya mizani ya ushirika. Mkulima ana mgonjwa, au mtoto amefaulu na anahitaji sare, fedha hana. Anakuja mtu anampa kiasi kidogo cha fedha sasa, kwa makubaliano kwamba mavuno yakifika atalipwa korosho kwa kopo, kwa bei isiyofanana kabisa na ya mnadani. Mavuno yanapofika, mkulima anayapeleka kwa mdai wake. Korosho zile zile huingia ghalani kwa jina la mtu mwingine, na faida ni ya mtu mwingine. Mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe, neno kangomba lilisikika nchi nzima.

Sasa tuulize: huyo mnunuzi wa kangomba ni nani? Mara nyingi si Mhindi, si Mwarabu, si Mzungu. Ni mtoto wa pale pale. Anaongea Kimatumbi. Anaswali msikiti mmoja na mdaiwa wake, au wanapokea komunyo kanisa moja. Huenda ni shemeji. Akifukuzwa kila mwenye rangi nyingine kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara, kopo lake litabaki na ujazo ule ule. Mkulima hatapona kwa kuijua asili ya mwenye kopo. Atapona akipata mkopo wa ushirika wakati wa njaa, mizani ya haki, na malipo yasiyochelewa.

Na iwapo chama cha ushirika chenyewe kinachelewesha malipo au kinakata makato yasiyoelezwa, basi mkulima atarudi kwa kangomba, na kada asimlaumu. Aulaumu uongozi wa ushirika huo, kwa jina na kwa hesabu, mbele ya mkutano wa wanachama.

WAJIBU WA KADA

Wanasiasa wa namna hii watakuja tena. Wengine watavaa kola ya uchungaji, wengine kanzu na kilemba, wengine suti na bendera ya uzawa. Kada awapime kwa maswali manne.

Kwanza, anamwonyesha nani kidole: tendo la unyonyaji au asili ya mtu? Akisema "wanaonunua kwa kopo", amezungumza juu ya tendo. Akisema "wale watu", amezungumza juu ya asili.

Pili, anataka nini kifanyike kuhusu mali? Akitaka ushirika, mizani na hesabu zilizo wazi, anabadili mpangilio. Akitaka mwenye duka mmoja aondoke ili mwingine aingie, habadili kitu.

Tatu, dini yake inafungua mlango au inaufunga? Maji ya Ngarambe yalimfaa Mmatumbi, Mngindo na Mpogoro. Mahubiri yanayomfaa mtu wa dhehebu moja peke yake, yakipandishwa kwenye jukwaa la siasa, yatamgeuza jirani kuwa adui.

Nne, malalamiko anayoyasemea ni ya kweli au ya uongo? Swali hili ndilo makada wengi hulikwepa. Yakiwa ya kweli, kumpinga msemaji bila kuyashughulikia malalamiko ni kumfanyia kampeni. Polisi anaweza kuufunga mkutano. Hawezi kuifunga njaa.

Kutokana na swali hilo la nne ndipo kazi ya tawi inapoanza. Katika Tarafa ya Kipatimu misheni na misikiti vimekaa pamoja kwa miaka mingi, na ndani ya ukoo mmoja mna Waislamu na Wakristo wanaozikana na kuozana. Umoja huo haujilindi wenyewe. Hulindwa pale kada anapoijua bei ya korosho na ya ufuta kabla mkulima hajamwuliza. Anapojua ni kaya zipi zimechukua fedha za kangomba. Anaposimama katika mkutano wa ushirika na kudai hesabu. Na anaposema, bila kupepesa macho, kwamba mtu wa Chama akinunua kwa kopo ni mnyonyaji kama mnyonyaji mwingine yeyote.

Penye kazi hiyo mhubiri wa chuki atapata wasikilizaji, kwa kuwa watu hupenda maneno makali, lakini hatapata jeshi. Pasipo na kazi hiyo, hata tukitoa semina mia moja juu ya umoja, hasira itatafuta njia, na itaanza na jirani aliye karibu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI NA KATIKA TAWI

1. Eleza tofauti kati ya hasira ya tabaka na hasira ya rangi. Toa mfano mmoja kutoka kijijini kwako.

2. Malalamiko ya AMNUT juu ya elimu yalikuwa ya kweli, lakini wananchi waliikataa dawa yake. Kwa nini?

3. Je, mtu anaweza kuunga mkono hukumu ya Jaji Lugakingira ya mwaka 1994 na papo hapo akapinga siasa ya Mchungaji Mtikila? Fafanua.

4. Taja sababu zinazomfanya mkulima auze kwa kangomba, kisha onyesha ni zipi kati ya hizo ambazo tawi lako linaweza kuziondoa katika msimu mmoja.